Mashine Iliyohesabu Damu Ndani ya Maji

Mashine ilinyonya maji, ikatoa jibu la damu.

Yalikuwa maji safi ya maabara, yenye chumvi kidogo, ambayo hayajawahi kukaa ndani ya mwili wa mtu yeyote. Sindano ya mashine ikashuka, ikayanyonya, ikanguruma kama mtu anayemeza. Halafu kwenye kioo chake ikaandika kwamba ndani ya maji yale mna chembe nyeupe za damu.

Elfu tatu hivi.

Chembe nyekundu, karibu hakuna.

Nyinyi mnaosoma haya mkiwa mmelala chali na simu juu ya uso, jiulizeni kidogo: ni nani mwenye damu isiyo na wekundu?

Tulikuwa watu wanne chumbani. Watatu wakageuka wakanitazama mimi.

Naitwa Gwiza. Kabla hamjaungana na wale watatu, nipeni nafasi nieleze kwa nini walinitazama.

Nasoma shule ya bweni ya wasichana, darasa la mwisho, lile la mtihani wa taifa. Jina la shule tuliache lipumzike. Muhula ule nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya mazishi.

Marehemu alikuwa sufuria.

Lilikuwa sufuria la maharage la jikoni kwetu, lililotoboka baada ya miaka mingi ya utumishi. Mimi niliona si haki kulitupa hivihivi nyuma ya jiko. Nikaandaa ibada. Palikuwa na maua, palikuwa na kwaya ya sauti nne, na wasifu wa marehemu niliusoma mwenyewe kwa sauti inayokatikakatika: "Alizaliwa kiwandani, akaishi motoni, hakuwahi kulalamika."

Matroni akasikia nyimbo za maziko kwa mbali. Akadhani mwanafunzi amefariki. Akampigia simu mkuu wa shule, ambaye ni Sista, naye akaacha mkutano wake mjini akaja mbio huku analia.

Alipokuta tunamwagia udongo sufuria, aliacha kulia.

Adhabu ikawa hivi. Nikae nyumbani. Ijumaa, Mama ampigie Sista simu aseme kwa kinywa chake kwamba nimemaliza wiki bila mchezo wowote. Akisema hivyo, narudi shule kufanya mtihani. Akishindwa kusema, mtihani nitausikia redioni kama watu wengine.

Sasa Mama yangu, Gahongayire, ana tatizo moja. Hadanganyi. Mgeni akimuuliza kama chakula kiko tayari na hakijaiva, atamwambia hakijaiva, na atamwambia kimebaki dakika ngapi.

Yeye ni mkuu wa kitengo cha damu kwenye maabara ya hospitali moja hapa Kigali. Alikulia Karagwe, Tanzania, ndiyo maana nyumbani kwetu Kabeza tunasali kwa Kinyarwanda na kugombana kwa Kiswahili. Baba anafanya kazi Rusumo, mpakani, na huja mwisho wa mwezi. Kwa hiyo Mama hakuthubutu kuniacha nyumbani peke yangu. Akanibeba kazini.

"Utakaa kwenye kiti kile," akasema akionyesha kona ya maabara. "Utasoma vitabu vyako. Usiguse kitu. Usipulize kitu. Usizike kitu."

"Ndiyo, Mama."

"Gwiza!"

"Sitazika, Mama."

Wiki ile maabara ilikuwa na bibi harusi.

Mashine yao ya zamani ya kuhesabu damu ilikuwa imechoka. Fundi wa maabara wa siku nyingi, Révérien, ninayemwita Tonton, yaani mjomba, aliiita Bibi, na kila asubuhi aliisalimia kabla ya kuiwasha. Kampuni moja ikaleta mpya, nyeupe, inayong'aa, yenye kioo cha kugusa kwa kidole. Révérien akaiita Bibi Harusi. Na bibi harusi haingii kwenye ukoo bila kuchunguzwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Mama: kila damu inayopita kwa Bibi ipite na kwa Bibi Harusi, aone kama wawili hawa wanasema neno moja.

Aliyemsindikiza Bibi Harusi alikuwa injinia wa kampuni, kijana anayeitwa Ntare, mzaliwa wa Kampala, mwenye suti ya buluu na viatu vyenye ncha ya kuchomea nyama. Alikuwa anaipangusa mashine yake kwa kitambaa hata kama haina vumbi.

Kazi yenyewe inafanywa hivi. Damu inakuja kwenye vichupa vyenye kifuniko cha zambarau. Nyingine ni mabaki yanayoombwa wodini, ya wagonjwa. Nyingine ni za watu wenye afya, wafanyakazi na jamaa zao waliojitolea. Révérien anabandua majina, anabandika namba, halafu anavichanganya vichupa kama karata, ili asiwepo wa kuipendelea mashine yoyote. Hakuna anayejua damu ni ya nani, na hakuna anayeuliza. Hapo hawatafuti nani mgonjwa. Wanatafuta kama mashine mbili zinakubaliana, basi.

Jumatano asubuhi Mama akapungukiwa na damu za watu wenye afya.

"Lete mkono," akaniambia.

"Si umesema nisiguse kitu?"

"Hujagusa. Umeguswa."

Akanitoa damu vizuri, bila kuniumiza, maana Mama hupata mshipa hata kwenye mkono wa kichanga. Kichupa changu kikaenda kwa Révérien, kikavuliwa jina, kikapotea katikati ya wenzake.

Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimetoa damu bure, nikajilipa kidogo.

Nilipuliza glavu moja, nikaichora kucha, nikaiegemeza ndani ya friji. Révérien akafungua mlango akapewa mkono.

"Mon Dieu!" Rozari ikamtoka mfukoni. "Chef! Iko mtu ndani ya friji!"

Mama, ambaye ndiye Chef wake, yaani mkuu wake wa kazi, hakucheka. Alikuja hadi usoni pangu akasema polepole, "Hiyo nimeihesabu kuwa ni hewa, kwa sababu ndani yake mlikuwa na hewa. Ukirudia, Ijumaa sitakuwa na la kumwambia Sista. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Na nilikuwa nimesikia kweli. Nataka kurudi shule, jamani. Watu wanadhani mtundu hapendi shule. Mtundu bila shule ni mwigizaji bila watazamaji.

Baada ya hapo ndipo namba kumi na tisa ilipojitokeza.

Mtu mwenye afya huwa na chembe nyeupe elfu nne mpaka elfu kumi kwenye tone dogo kabisa la damu. Vichupa vyote vilikuwa vinacheza humo humo. Ikaja namba kumi na tisa. Bibi akasema: laki tatu na zaidi. Bibi Harusi akaulizwa. Akasema hivyo hivyo.

Kwa mara ya kwanza wiki ile nikaona meno ya Mama.

"Tazameni! Juu kote huku na bado wanakubaliana!" Akajipiga paja. "Namba kumi na tisa, umenifaa sana!"

Nikamuuliza anafurahia nini. Akanieleza kwamba damu za kawaida zinarundikana sehemu moja, hazionyeshi kama mashine ina nguvu. Unahitaji damu ya ajabu, ya juu kabisa, na hiyo haipatikani kirahisi.

"Hii lazima imetoka wodi ya saratani," akasema.

"Lazima iko ya Mzee Rutayisire," akajibu Révérien. "Niliwaomba waniletee." Akafanya ishara ya msalaba. "Ameitikia Mungu jana, masikini."

Hivyo ndivyo namba kumi na tisa ilivyopata mwenyewe.

Nilikitazama kichupa kile kikiwa kimesimama kwenye kibao. Damu ikiachwa itulie hujitenga. Vichupa vingine vilikuwa na wekundu chini na maji ya manjano juu. Kumi na tisa, hapo katikati, kilikuwa na utando mweupe, mnene, kama maziwa yaliyoganda. Sijui kwa nini, nilishindwa kuondoa macho. Damu ya mtu aliye kaburini, imesimama mezani, inasubiri zamu yake.

Alasiri wakavichanganya upya wakaanza duru nyingine. Katikati ya duru wakampa Bibi Harusi maji, ya kumsukutua koo, waone kama amebakiwa na kitu.

Hayo ndiyo maji niliyoanza nayo.

"Gwiza," Mama akasema.

"Mama, naapa!"

"Umetia nini kwenye maji?"

"Sijasogea kwenye hiki kiti! Muulize Tonton."

Révérien alikuwa anakitazama kioo cha mashine huku midomo inamchezacheza.

Ntare akakunja kitambaa chake. "Madamu, mashine yangu iko safi. Tuliipima kiwandani, iko safi. Tuliipima hapa jana, iko safi. Kama kuna uchafu, unajua umekaa wapi." Akaninyooshea kidevu.

"Mimi nimeoga, Injinia. Wewe ndiye unanukia manukato ya dukani."

"Nyamaza, Gwiza!"

Wakaweka maji mengine. Sifuri. Wakaweka tena. Sifuri. Kitu kilichokuwa ndani ya mashine kilikuwa kimeondoka.

Révérien akamsogelea Mama, akasema kwa sauti ya kanisani: "Chef, si mtoto. Iko mzee. Alikufa na chembe nyeupe nyingi, sasa anakuja na hizo nyeupe peke yake. Zile nyekundu amewaachia wa kumzika."

"Révérien, tafadhali!"

"Nasema tu."

Alhamisi ikawa mbaya zaidi.

Asubuhi Mama akanituma kantini nilete chai na maandazi. Walifanya duru nzima nikiwa sipo. Maji yakatoka sifuri kila mara. Nikarudi na chupa ya chai, nikakaa kwenye kiti changu. Révérien akavichanganya vichupa, duru ikaanza, maji yakawekwa.

Elfu tatu na kidogo. Nyeupe tupu.

Nikitoka, safi. Nikirudi, mzimu.

Ntare alimtazama Mama tu, kwa heshima, jinsi mtu anavyomtazama jirani ambaye mtoto wake amevunja dirisha. Révérien akatoa kichupa kidogo cha maji ya baraka akataka kuinyunyizia mashine, Mama akamdaka mkono.

"Usiniharibie mashine ya watu!"

"Basi niinyunyizie meza, Chef."

"Hata meza!"

Na mimi? Nitasema ukweli. Nilikuwa nimeanza kuogopa.

Mtu anayetisha wenzake anajua kamba iko wapi. Ndiyo raha yake. Wengine wanaruka, wewe unajua kamba umeifunga wapi na nani ameishika. Hapa palikuwa na mzaha mkubwa kuliko yote niliyowahi kufanya, na kamba sikuiona. Kuna mtu alikuwa anacheza mchezo wangu, na anacheza vizuri kunipita.

Mchana ule mvua ikanyesha, kubwa, ile ya Kigali inayofuta vilima vyote dirishani kwa mara moja. Mama na Ntare walikuwa ofisini wanabishana. Révérien ameinamia darubini kwa mbali. Nikabaki mimi na Bibi Harusi, na kumi na tisa kwenye kibao chake, na ule utando mweupe katikati.

Nikanong'ona, "Mzee Rutayisire, mimi nimekukosea nini?"

Mashine ikajibu tik, ikajisukutua yenyewe, kama inavyofanya ikikaa muda bila kazi. Nilijua inafanya hivyo. Nywele zilinisimama hata hivyo.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Tangu kabla ya kuja nyumbani nilikuwa nahisi uzito upande wa kushoto, chini ya mbavu, kama kuna mtu ameniegemea. Nikikaa, amekaa. Nikilala, amelala. Asubuhi naamka shuka limelowa jasho, na kwetu Kabeza asubuhi kuna baridi. Pale maabara, mvua ikinyesha, yule mtu aliniegemea zaidi.

Sikusoma ukurasa hata mmoja siku ile.

Jioni tukishuka kuelekea kituo cha basi, Mama alitembea mbele, mimi nyuma. Nilikuwa nahema kama nimepanda kilima, kumbe tunashuka. Akasimama kunisubiri.

"Tembea, Gwiza. Uvivu gani huu?"

"Nimechoka."

"Umechokea nini? Umekaa kwenye kiti siku nzima." Akashusha pumzi. "Kesho Sista nitamwambia nini?"

"Mwambie ukweli."

"Ukweli ni upi?"

"Kwamba si mimi."

Akanitazama. Haikuwa hasira. Hasira ningeiweza.

"Mwanangu," akasema, "mimi nakujua."

Ijumaa nikaamka na mpango. Nilikuwa na siku ile tu. Saa nane mchana Mama angemaliza duru ya mwisho, ampigie Sista, aseme anachokiamini, na anachokiamini nilikuwa nimeshakisikia.

Tulipofika maabara nikapanda juu ya kiti changu nikatangaza:

"Waheshimiwa! Nimeshtakiwa kwa kutia damu kwenye maji. Naomba kesi isikilizwe leo."

"Shuka," Mama akasema.

"Nashuka. Lakini nisikilizeni. Nifungeni mikono. Mchukue maji mapya mbele yenu. Mchukue damu mpya, mbele yenu, ya mtu mwenye afya, damu ya kawaida kabisa. Iwekeni kwenye mashine, halafu maji. Kama maji yakitoka safi, basi mashine haina kosa, semeni mtakavyo. Yakitoka na mzimu na mimi nimefungwa, basi si mimi, na Mama utamwambia Sista hivyo."

Mama akamgeukia Ntare.

"Haki kabisa," Ntare akasema, akapangusa mashine. "Mimi naikubali hiyo. Leteni damu ya kawaida."

"Hii hapa," nikasema, nikakunja mkono wa sweta. "Kijana, mbichi, haijawahi kuugua ila uvivu."

Révérien akacheka kidogo. Hata Mama, mdomo ulimcheza.

Akanitoa damu. Kichupa hakikwenda kwa Révérien safari hii, hakikuvuliwa jina. Alikishika mwenyewe, akakipindua taratibu kuchanganya dawa, macho yake hayakubanduka. Révérien akanifunga mikono kwa bendeji, akafunga na fundo juu, akaniomba radhi.

"Samahani, ma fille, binti yangu."

"Kaza, Tonton. Historia inatutazama."

Maji kwanza. Sifuri.

Kisha damu yangu.

Sindano ikashuka, ikanyonya, ikapanda. Bibi Harusi akanguruma. Nilikuwa natabasamu. Nakumbuka vizuri kwamba nilikuwa natabasamu, kwa sababu baadaye mashavu yaliniuma nikagundua sijayashusha.

Kioo kikaandika.

Chembe nyeupe: laki tatu na zaidi.

Wa kwanza kusema alikuwa Ntare, na alisema kitu ambacho sikutarajia kukisikia kutoka kwake. "Imekosea. Madamu, mashine yangu imekosea."

Mama hakumjibu. Alitoa kichupa, akatembea nacho hadi kwa Bibi, ile ya zamani, ambayo haijawahi kumdanganya. Akakiweka. Tukasubiri.

Bibi akasema hivyo hivyo.

Zilikubaliana. Hakuna aliyefurahi.

Ntare akampa Bibi Harusi maji. Elfu tatu na kidogo. Nyeupe tupu.

Mzimu ulikuwa umekuja, na safari hii tuliuona ulikotokea. Kila kichupa chenye chembe nyingi vile kilipotangulia, mashine ilibaki na mabaki yake kooni, ikayahesabu kwenye kilichofuata. Mabaki yalikuwa kwenye njia ya kuhesabia nyeupe, ambamo dawa huziyeyusha nyekundu kwanza, ndiyo maana mzimu haukuwa na wekundu. Kichupa kile kikiwa mbali na maji, safi. Kikiangukia kabla ya maji, mzimu. Kuchanganya vichupa kulikihamisha huku na huku. Jambo lenyewe Mama angeligundua Jumatano ile ile, kwa kutazama tu ni kichupa gani kimetangulia. Lakini chumbani nilikuwepo mimi, naye alikuwa ananijua.

Révérien alikuwa ameshika simu ya mezani. Alipiga wodini. Akauliza, akasikiliza, akairudisha simu mahali pake kwa mikono miwili.

"Chef," akasema. "Damu ya mzee hawakuleta. Alipokufa waliitupa. Kumi na tisa haikuwa ya mzee."

Siku zote zile nilikuwa nakaa mbele ya kile kichupa nikimwogopa aliyemo ndani.

Mama akachukua kipande cha kioo. Akadondosha tone la damu yangu, akalitandaza, akalitia rangi, akasubiri likauke. Hakuharakisha hata hatua moja. Kisha akainamia darubini. Niliona mgongo wake tu, koti jeupe, na mkono mmoja unaozungusha kile kigurudumu cha pembeni, kidogo, kidogo. Alikaa pale mpaka Ntare akavua tai bila kujua.

Alipoinuka alikuja moja kwa moja kwangu. Akapitisha vidole chini ya mbavu zangu za kushoto, pale inapokaa bandama, akabonyeza.

Palikuwa pagumu kama ubao.

"Tangu lini?"

"Nilidhani ni maharage ya shule."

"Na kuchoka?"

Sikutaka kusema. "Ulisema ni uvivu."

"Na jasho?" Hilo sikuwa nimemwambia. Alikuwa ameanza kunisoma kama mtu asiyenijua.

Nikaitikia kwa kichwa.

Akapiga magoti anifungue bendeji. Vidole vile vinavyopata mshipa wa kichanga vikashindwa fundo. Vikajaribu, vikateleza. Akaacha. Akaishika mikono yangu ikiwa imefungwa vile vile.

"Gwiza," akasema. "Mwanangu. Niambie umefanya mchezo."

Nikaitazama bendeji.

"Niambie umebadilisha kichupa. Sijui umefanyaje, wewe huwa unaweza. Sitakasirika. Sista nitamwambia nimekusamehe, utarudi shule, utafanya mtihani wako. Niambie tu kwamba ni wewe." Sauti ikamkatika. "Tafadhali."

Mama yangu, asiyeweza kumdanganya hata mgeni kuhusu wali, alikuwa ananiomba nimdanganye.

Mikono yangu ilikuwa imefungwa. Kichupa hakikutoka mkononi mwake. Alijua. Révérien alijua. Ntare, aliyekuwa ameelekea ukutani, alijua.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Ni mimi."

Tangu Jumatano nilikuwa nimemwambia ukweli, na hakuuamini. Safari hii nilidanganya, akaniangalia machoni, akaona. Akanivuta kifuani, mikono na bendeji na vyote, akalia shingoni mwangu. Sikuwahi kumsikia Mama akilia. Ni sauti ndogo sana.

Saa nane alimpigia Sista.

"Gwiza hakufanya kosa," akasema. "Hata moja." Akampa Révérien simu, maana yeye hakuweza kuendelea.

Ugonjwa una jina refu, nimeliandika nyuma ya daftari langu la fizikia ili lijione si la maana. Ni saratani ya damu, ya ile aina inayokuja polepole. Daktari alinieleza kwamba zamani ilikuwa hukumu, na siku hizi, ikikamatwa mapema, kwa walio wengi ni kidonge cha kila siku. Yangu ilikamatwa mapema, na iliyoikamata ni mashine mbovu. Laiti Bibi Harusi angekuwa safi kooni, kumi na tisa ingebaki kuwa furaha ya Mama, nukta nzuri iliyokaa juu kabisa, na mimi ningerudi shule nikiwa nimeegemewa.

Kampuni iliichukua mashine ikarekebishwe. Ntare hunitumia salamu kupitia kwa Mama, na kila mara anauliza kwanza kama nimekula.

Mtihani nimeufanya. Sikuufanya na wenzangu, niliufanya mwaka uliofuata, nikiwa na kidonge changu na mashavu yaliyorudi.

Watu wananiuliza kama naamini mizimu. Nawajibu hivi: nilimwogopa Mzee Rutayisire, mtu asiyenijua kabisa, aliyezikwa na watu wake akapumzika. Nikamnong'oneza. Nikamuuliza nimemkosea nini. Na aliyekuwa ndani ya ile mashine, akipiga hodi kila alipopata nafasi, alikuwa mimi.

Sasa funzo, maana najua mlishalisubiri tangu kwenye sufuria.

Wenye watoto watundu: wagombezeni, wachekeni, wafungeni na bendeji ikibidi. Lakini siku moja moja mtazame huyo mtoto kana kwamba ameingia mlangoni leo na hujui hata jina lake.

Na nyinyi watundu wenzangu, mnaowavunja watu mbavu kwa kicheko. Mkichoka, semeni mmechoka. Mseme mara mbili, kwa sauti ya kawaida, bila kuigiza.

Mimi nilisema mara moja, tena tukiwa tunashuka kilima.